Wa wifi ana miaka 4 bado analishwa, wangu wa mwaka mmoja anajilisha. Nani anakosea?

MamaWaMwisho:

Habari za jioni wazazi wenzangu. Naombeni mawazo yenu, na msinionee haya.

Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 3. Tangu alipoanza kuokota vitu kwa vidole namwachia ale mwenyewe. Namwekea chakula laini bakulini, namkabidhi kijiko, mimi nakaa karibu yake na sahani yangu. Kijiko kinazama, kinatoka na punje mbili tatu, kinapinduka njiani, mdomoni kinafika kitupu. Anakilamba hivyo hivyo, anarudia. Akichoka na kijiko anatumbukiza mkono mzima. Mlo ukiisha, chakula kipo kwenye nyusi, masikioni na chini ya kiti. Ila anakula, na kliniki uzito wake unapanda vizuri.

Wifi yangu ana wa miaka 4, na huyo bado analishwa. Anatafuna huku anaangalia pembeni, akigeuza shingo kijiko kinamfuata huko huko. Juzi tulikuwa wote mezani kwa mama mkwe. Wifi akamtazama mwanangu, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mimi siwezi kumwagia mtoto chakula kama kuku." Mama mkwe akaguna tu. Nikanyamaza kwa heshima, lakini liliniuma, maana mimi naona kumlisha mtoto wa miaka 4 ndiko kumlemaza.

Maswali yangu: kuna umri ambao mtoto anapaswa awe anajilisha? Na wifi nimwambie kitu, au niache?

---

BabaPacha:

Dada, mtoto anayejilisha ni neema, kaza hapo hapo. Huyo mkubwa wampe sahani yake wamwache. Asipokula leo, kesho njaa itamfundisha kushika kijiko.

---

MleziWaWadogo:

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Kazi yangu ni kulea watoto wadogo kituoni, na saa ya chakula ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

BabaPacha, hapo kwenye njaa nakukatalia. Mtoto anayekaa mezani kwa hofu ya njaa hajifunzi kijiko, anajifunza kuiogopa meza. Na wapo watoto ambao njaa haiwasukumi kama unavyodhani, hasa wenye shida ya kumeza au wanaosumbuliwa na namna chakula kilivyo mdomoni. Hao ukiwasubiri, watakonda mbele ya macho yako.

Sasa umri. Kwa kawaida, kwenye miezi 6 mtoto anakamata kitu kwa kiganja kizima. Kwenye miezi 9 hivi anaanza kuokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Akivuka mwaka anataka kijiko na anakimwaga, kama wako anavyofanya, na kati ya miezi 18 na miaka 2 wengi wanakifikisha mdomoni kikiwa na kitu. Uma huja baadaye. Hiyo ndiyo njia, lakini kila mtoto ana mwendo wake, na aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Mwongozo wa mwaka 2003 wa Shirika la Afya Duniani na ofisi yake ya Amerika unasema mtoto mchanga alishwe, na mkubwa *asaidiwe* anapojilisha, huku anayelisha akifuata dalili zake za njaa na za kushiba. Kwa hiyo hata huko juu hakuna aliyesema siku fulani mama aweke kijiko chini.

Mimi siangalii sana kijiko kiko mkononi mwa nani. Naangalia nani anaamua.

Nawapa mfano ninaoupenda. Daktari wa watoto aitwaye Clara Davis, huko Marekani, alitaka kujua kama mtoto aliyeachishwa ziwa anaweza kujichagulia chakula. Taarifa ya kwanza aliitoa 1928, na ya 1939 ilihusu watoto 15 walioanza wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 11. Mbele ya mtoto iliwekwa trei yenye vyakula mbalimbali, kila kimoja na chombo chake. Muuguzi alikaa kando na kijiko, kimya. Haruhusiwi kumpa, haruhusiwi kumbembeleza, haruhusiwi hata kusifia chakula. Mtoto akinyoosha mkono kwenye chombo, ndipo muuguzi anachota. Akifungua mdomo, ndipo anamtilia. Wale watoto walikua vizuri. Davis mwenyewe alikiri kwamba siri ilikuwa kwenye orodha ya vyakula: vyote vilikuwa vya asili, hakuna sukari, kwa hiyo hata mtoto akichagua namna gani hapotei. Lakini mimi huwa namfikiria yule muuguzi. Analisha, ndiyo. Ukipita mlangoni ukamwona, utasema mtoto anadekezwa. Kumbe bwana mkubwa pale ni mtoto.

Na kinyume chake kipo. Nimewaona watoto wanaoshika kijiko wenyewe, wasafi, huku mtu mzima amesimama nyuma yao: "Maliza. Kijiko kimoja. Kingine. Hutoki hapo." Huyo anajilisha kwa mkono, ila tumbo lake linaendeshwa na mtu mwingine. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, amegawa kazi hiyo vizuri: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Kijiko hakimo kwenye mgawo huo.

MamaWaMwisho, kwa hiyo uliposema wa wifi ana miaka 4, sikushtuka. Uliposema akigeuza shingo kijiko kinamfuata, hapo nilisimama. Kugeuza shingo ni mtoto kusema "nimeshiba" au "subiri". Kufumba midomo, kuusukuma mkono, kutema, kuanza kuchezea chakula, zote ni kauli. Kijiko kizuri kinasubiri. Kinakaa hewani, mtoto anarudisha uso, anafungua mdomo, kinaingia.

Lakini nakuomba na hili ulipime: umewaona wakiwa mezani kwa mama mkwe. Mama akitazamwa na ndugu, mkono wake unakuwa na haraka. Anataka sahani iishe, mtoto asimwage, asije akaambiwa hajui kulea. Nadhani maneno yake ya kuku yalitoka hapo hapo, maana na wewe ulikuwa unamtazama.

Jambo la mwisho. Wazazi wengi wanapokuja kumchukua mtoto huniuliza kwa mshangao, "Kwani huku anakula mwenyewe?" Anakula mwenyewe, amebanana na wenzake, anamwangalia wa kulia anavyoinamisha kichwa kwenye bakuli, naye anainamisha. Akifika nyumbani anafungua mdomo kama kinda. Wazazi wanaona ni ujanja. Mimi naona kwamba kutwa nzima hajamwona mama yake, na kulishwa ndio muda pekee ambao mama amekaa chini, amemtazama yeye tu. Ukitaka aache kulishwa, mpe kukaa huko kwa njia nyingine kwanza.

---

MamaKijana6:

Mlezi, Mungu akubariki. Niongeze kidogo.

Wangu ana miaka 6, misuli yake ya mikono ni dhaifu tangu kuzaliwa. Ukimtazama amekaa huwezi kujua. Kijiko chake nimekizungushia kitambaa mpini uwe mnene, maana mwembamba unamponyoka. Chini ya sahani naweka taulo dogo lenye unyevu ili isikimbie. Anaanza mwenyewe, anajitahidi kwelikweli, jasho linamtoka puani. Ikifika katikati kiwiko kinashuka mezani, hapo najua amechoka. Napokea kijiko, namalizia.

Wageni wanaokuja mwanzo wa chakula wanasema "mbona unamtesa mtoto?" Wanaokuja mwishoni wanasema "dume zima bado linalishwa!" Ni mlo ule ule. Na yeye anasikia yote, na anaelewa yote. Baada ya maneno ya aina ya pili huwa anakataa nisimsaidie, anaacha chakula nusu, anaondoka mezani na njaa.

BabaPacha, sikusemi vibaya ndugu yangu, ila hiyo dawa yako ya njaa kwetu ilishaletwa na watu wengi.

---

BabaPacha:

Mama, pole sana, na nimekuelewa. Mimi nilisemea mtoto asiye na shida yoyote. Kwa huyo msimamo wangu haujabadilika sana: miaka 4 ajaribu, hata kama ni vijiko vya mwanzo tu.

---

MamaWaMwisho:

Asanteni, nimesoma mara mbili. Mlezi, wifi anakuja tena Jumapili, safari hii kwangu. Sitaki maneno. Lakini pia sitaki niitwe mfuga kuku mbele ya mwanangu. Nifanye nini mezani?

---

MleziWaWadogo:

Usimwambie chochote kuhusu kijiko, wala usimtumie mtu amwambie. Hakuna mama anayebadilika kwa kukosolewa mbele ya ndugu.

Wakalishe watoto wawili waelekeane, karibu, sahani zao ziwe chini ya macho ya kila mmoja. Weka vijiko viwili kwa yule mkubwa, kimoja chake, kimoja cha mama yake, bila kueleza. Wifi akitaka kulisha, alishe. Mtoto akitaka kuchota, kijiko kipo. Mpakulie kidogo kidogo, maana mtoto akiona mlima anageuza shingo kabla hajaanza. Televisheni na simu zizimwe, na ninyi watu wazima mle kweli, mzungumze mambo yenu. Wakikodolewa macho hawali. Akirudia maneno ya kuku, mjibu kwa upole tu, "Wifi, anajifunza, nitafuta," halafu endelea na mazungumzo.

Wako akae wima na usimwache peke yake hata dakika moja. Akikohoa kwa kelele na uso ukawa mwekundu, mwache akohoe, usitie kidole mdomoni. Akinyamaza ghafla, hatoi sauti wala hewa haipiti, hapo ndipo amekabwa: mlaze kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, mpige mgongoni kati ya mabega kwa kiganja, na mwingine aite msaada. Na karanga nzima, peremende ngumu na zabibu zisizokatwa zisiwepo kabisa mezani hiyo Jumapili. Huyo wa miaka 4 naye bado hajavuka umri wa hatari, na chochote atakachotia mdomoni, na wako naye atakitaka.