Moshi tuhesabu nini: vichwa vya watalii au usiku wanaolala?

Mleta mada, Moshi mjini

Wakuu, salaam.

Juzi nilikaa kwenye kikao cha wadau wa utalii hapa mjini. Chai nzuri, maandazi ya moto. Ukutani likawekwa lengo: kuongeza idadi ya watalii. Mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni akanyoosha mkono: "Kutoka wangapi hadi wangapi? Na wasipofika tumuulize nani?" Akaambiwa swali lake ni zuri sana, tukahamia ajenda inayofuata.

Nimelileta hapa kwa sababu ugonjwa huu si wa kikao kile tu. Ilani ya CCM ya 2020 ililenga watalii milioni 5 na mapato ya dola bilioni 6 ifikapo 2025, tukitokea milioni 1.5 hivi, na hao milioni 1.5 walikuwa wageni wa nje. Mwaka 2024 ulipofungwa tukatangaziwa tumepata zaidi ya milioni 5.3. Fungua kifurushi: wa nje 2,141,895, wa ndani 3,218,352. Sina ugomvi na mtalii wa ndani, mimi mwenyewe kila Krismasi nawapeleka watoto kuogelea chemchemi ya Chemka na kiingilio nalipa. Ila shamba ulilolipima kwa hatua za mtu mzima usimalizie kulipima kwa hatua za mtoto. Upande wa fedha mwaka huo zilikuwa dola bilioni 3.9 hivi. Kutoka kwenye lile shimo la korona la 2020, watalii 620,000 tu, ni kazi kubwa na wapewe haki yao. Lakini 3.9 si 6.

Sasa tuje kwetu. Mgeni anashuka uwanja wa ndege wa KIA, analala Moshi usiku mmoja, asubuhi yuko lango la Machame au Marangu, au anazungushwa mpaka Londorossi. Siku sita saba yuko mlimani, ambako kiingilio na kambi vinalipwa hifadhini. Akishuka anaoga, anakula kuku, anagawa tipu, analala, alfajiri anachukuliwa kwenda Serengeti au anaruka Zanzibar. Wengine hata usiku huo mmoja wanalala Arusha. Tuna mlima wa mita 5,895 mgongoni na mji wetu ni benchi la stendi, watu wanakaa wakisubiri gari lao.

Hoja yangu: tuachane na vichwa. Lengo liwe moja, kila mpandaji abaki usiku mmoja zaidi baada ya kushuka. Chukua wapandaji 10,000 kwa mfano tu. Hapo ni usiku 10,000 wa kuuza, na mchana wake watu wana nafasi ya kahawa ya Materuni, Ziwa Chala, mapango ya Wachagga kule Marangu. Mlimani hakuna anayeongezeka kukanyaga njia wala kujaza choo cha kambi ya Barafu. Na pa kuanzia papo, maana kila nyumba ya wageni ina daftari la wageni. Halmashauri ijumlishe, itangaze kila miezi mitatu, na awepo mtu mmoja wa kuulizwa.

Nipingeni kwa hoja.

Mgumu wa Machame

Mkuu umeandika kama mwenye hoteli. Sisi tunaobeba mizigo ya wapandaji, mgeni mmoja ni ugali wa watu watatu, wanne. Huo usiku wako wa ziada mimi nitakuwa nimesharudi nyumbani nasubiri simu ya safari nyingine.

Ila nusu nakuunga mkono. Mnakumbuka 2019 serikali ilipotaja mpango wa kupandisha watu Kilimanjaro kwa gari la kuning'inia kwenye waya? Vichwa vingeongezeka, sikatai. Wazee, watoto, asubuhi juu jioni chini. Mimi na kilo zangu 20 ningembebea nani? Kwa hiyo najua idadi peke yake inaweza kuninyima kazi huku takwimu zinapendeza.

Mimi lengo langu ni siku za mlimani. Wanaopanda kwa siku tano wasukumwe wapande kwa saba au nane. Mgeni anazoea hewa, anafika kileleni akiwa na akili zake, mimi nalipwa siku mbili tatu zaidi. Andika hilo kwenye daftari lako.

Mama Kihamba

Wanangu, mnagawana mgeni kama nyama ya ng'ombe na ng'ombe hajachinjwa.

Huku Uru wageni wanakuja kutwanga kahawa na kuona maporomoko. Njoo Aprili uone. Masika imeshika, hakuna anayepanda mlima wala anayeteremka kwetu, vinu vimeegeshwa ukutani. Julai wanakuja mpaka wanapishana kwenye kijia cha mgomba. Sasa huo usiku wa ziada utauongeza Julai, wakati tumeshajaa? Mimi nipe lengo la Aprili. Na kabla hujanipangia wageni wangapi, uliza kijiji kinataka wangapi. Mfongo ule, mfereji wetu wa maji wanaoupigia picha, ndio tunaotumia kumwagilia migomba.

Wa Sakina, Arusha

Mnatutaja tu. Gari la kwenda Ngorongoro linaondokea Arusha, mnataka mgeni alale Moshi halafu aamke saa tisa usiku? Mkipanga peke yenu na sisi tukipanga peke yetu, mgeni ni yule yule mmoja, tutamhesabu mara mbili. Halafu kila mkoa utapiga makofi.

Mleta mada

Mama, shikamoo. Aprili nimeikubali, na kweli sikuifikiria. Lengo langu la usiku lihesabiwe kuanzia Machi hadi Mei tu, miezi mingine tuiache ilivyo.

Wa Sakina, hapo kwenye kuhesabu mara mbili umenishika.

Mgumu, siku za mlimani ziko kwa hifadhi na makampuni. Halmashauri haina mkono hapo. Lengo ambalo mwenye kulipanga hana namna ya kulitimiza ndilo lile lile la kikao cha maandazi.

Mgumu wa Machame

Na huo usiku wako uko mkononi mwa nani, mkuu? Mgeni anafika KIA na ratiba yake imeshachapwa, siku kwa siku, na ya kuondoka imo. Ameilipia akiwa kwao miezi sita nyuma. Nimebeba wengi waliotaka kubaki, wanaangalia tiketi, wanacheka, wanaingia kwenye gari. Halmashauri itamfuata nani, na wapi?