Kusoma nasoma, kuanza ndo kasheshe

Mwambao_Pongwe:
Wakuu habari za jioni, nipo Pongwe hapa Tanga, vijitabu vya kuku wa kienyeji nimesoma mpaka basi, video ndo usiseme, dalili za kideri nazijua zote ila banda lenyewe sijajenga, kila nikitaka kuanza naona bado sijaiva. Nyie mlianzaje?

Bi_Chumbageni:
Mwanangu utasoma mpaka punda aote pembe 😂 Nunua matetea matano na jogoo, mengine utayakuta hukohuko.

Mfugaji_Muheza:
Bi mkubwa hapo sikubaliani nawe sana, kusoma kunaokoa. Jirani yangu alijaza banda bila kuuliza mtu, kideri kikapita hakikubakisha hata wa mbegu, na kile hakina dawa ni chanjo tu. Ile ya matone unadondosha tone moja jichoni, subiri apepese, unarudia kila baada ya miezi 3. Kijitabu kinakwambia itunze kwenye ubaridi, sawa, ila kumshika tetea anapiga mabawa na kichupa unacho mkono wa pili hiyo utaijua ukiwa naye mkononi. Tena chanja alfajiri kabla hujawafungulia, mchana utakimbizana nao mtaa mzima watu wakucheke.

Mwambao_Pongwe:
Shukrani mkuu. Bi mkubwa shikamoo, mbao za bei poa napata wapi?

Bi_Chumbageni:
Marahaba. Mbao za nini sasa, chukua mabanzi. Na ukianza usinisahau mayai.