Hedi (mwalimu mkuu) anataka nisaini cheki ya madawati Alhamisi, mimi ndio chairman wa BOM, bodi ya shule. Nifanye aje?

Mzazi_Malava:
Jameni naomba ushauri na iwe haraka juu mkutano ni Alhamisi. Niko huku Malava, kaunti ya Kakamega, watoto wangu wako primary moja ya hapa kijijini. Wazazi walinichagua niingie BOM, kufika mkutano wa kwanza jina langu likatajwa na nikawa chairman, sikuomba. Sasa shule imepata pesa ya NG-CDF (ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) ya madawati na hedi anataka nisaini cheki Alhamisi na madawati hayajafika yote. Anasema mwaka wa serikali unaisha 30 Juni na pesa ikikaa itarudi. Hata hizi za capitation, pesa serikali inatuma kwa kila mtoto, ni hivyo hivyo, 15,042 kwa mtoto, zinakuja vipande vipande na kila saa ni cheki ya haraka. Wazazi wengine wameanza kusema bodi mpya ni ile ile ya zamani imebadilisha koti. Swali langu ni hili, chairman akikataa kusaini anaweza tolewa? Na akisaini kitu kiharibike anashikwa nani, yeye ama hedi? Silali vizuri.

Mama_Pacha_Webuye:
Pole baba. Lakini kwa vile wewe ni wa bodi wacha nikuulize, kwa nini mnarudisha watoto nyumbani juu ya pesa ya mtihani? Wangu walirudishwa wote wawili asubuhi ya mvua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mtoto asikataliwe shule juu ya hizo pesa zingine, na zikilipwa kuwe na risiti. Risiti sijawahi ona. Nyinyi ndio mnakaa hapo mnakunywa chai na wenzetu wanafukuzwa.

Mzazi_Malava:
Mama nasikia uchungu wako lakini hiyo si shule yetu, nisaidie na ya cheki kwanza.

Bukhungu_Boy:
Chairman ambaye hakuomba kiti! Huku kwetu watu wanapigania hicho kiti mpaka ngoma ya isukuti inaletwa 😂 saini tu mkubwa, ukikataa utaulizwa madawati iko wapi watoto wanakaa chini.

Mwalimu_Mstaafu:
Kijana, nilikuwa hedi miaka mingi na nimeketi na bodi za kila aina, nisikilize. Hedi ni katibu wa bodi, si bosi wako. Kukutoa hawezi, uteuzi wenu unapitia County Education Board, bodi ya elimu ya kaunti, na muhula ni miaka mitatu. Bodi ina wazazi sita, watatu wa sponsa (kanisa ama shirika linalosimamia shule), mmoja wa walimu, mmoja wa hiyo County Education Board, kuna wa watu wenye mahitaji maalum, na wengine. Nyote mko hapo kuangalia majengo, pesa, usalama, nidhamu ya watoto, na kuajiri wafanyikazi wasio walimu, yaani mpishi, soja wa gate na hao wengine. Walimu wa TSC, tume ya kuajiri walimu, si wenu kuajiri wala kufukuza, wengi wanachanganyikiwa hapo wanaanza kutisha walimu.

Sasa cheki. Saini yako inasema kitu kimeletwa, kimehesabiwa, kimekaguliwa. Lazima kuwe na watu wameenda kukagua hayo madawati wakaandika kwamba wamepokea, ndio malipo yafuate. Dawati lililoko bado kwa karakana halilipwi. Hiyo ya pesa itarudi nimeisikia kila Juni ya maisha yangu. Mtu akikuharakisha hivyo omba minits, uone kama hiyo kazi ilipitishwa na mkutano na kwotesheni, yaani bei za mafundi tofauti, zilikuwa ngapi.

Kisumu_Ndogo_Resident:
Mwalimu amemaliza. Mimi nauliza tu, kontrakta ni nani?

Mzazi_Malava:
Asante sana mwalimu. Minits ziko. Kontrakta ni fundi wa hapa tu, anajulikana.

Kisumu_Ndogo_Resident:
Anajulikana na nani? Fundi wa hapa ni nani kwako?

Bukhungu_Boy:
👀

Kisumu_Ndogo_Resident:
Bro umeingia online mara mbili hujajibu.

Mzazi_Malava:
Sikutaka kuiweka hapa juu watu watakimbilia hiyo waache swali langu. Kontrakta ni shemeji yangu, ndugu wa mama watoto. Lakini mjue alipata kazi kwa haki, bei yake ndio ilikuwa chini kwa zile kwotesheni tatu na mbao yake ni ya maana, si hii ya kuvunjika baada ya term moja. Kila mtu kijijini anajua ni shemeji, hedi anajua, hata pasta wa sponsa anajua na hakuna aliyepinga. Na mtu wa huku anielewe, mahari bado sijamaliza, sasa niende kwa wakwe niseme nini, kwamba nimemnyima kijana wao kazi nikapatia mtu wa Kitale?

Mama_Pacha_Webuye:
Ehe. Sasa ndio usingizi unapotea.

Procurement_Kakamega:
Nafanya kazi ya manunuzi (si shuleni), wacha niseme bila kuzunguka. Shule ya umma iko chini ya Sheria ya Manunuzi ya 2015. Mjumbe wa bodi na jamaa zake wa karibu hawafai kupewa tenda na hiyo taasisi. Kijiji chote kujua haifanyi iwe halali. Na kama kuna jambo linakugusa unafaa kulitaja mwanzoni, liandikwe kwa minits, halafu utoke nje wenzako waamue bila wewe. Ulitaja? Ulitoka?

Mzazi_Malava:
Kutaja si lazima kama watu wote wanajua. Nilikaa lakini sikupiga kura, nilinyamaza.

Procurement_Kakamega:
Kukaa kwa kiti cha chairman ukinyamaza bado ni kuongoza mkutano. Minits zinasema nani alikuwa kwa kiti?

Dada_Diaspora:
Niko Leeds na niko kwa bodi ya primary ya watoto wangu, naona tofauti kubwa. Huku hatulipwi, muhula ni miaka minne, na cheki hatuoni hata moja, hiyo ni kazi ya hedi na ofisi yake. Yetu ni kuweka mwelekeo wa shule, kumuuliza hedi watoto wanasoma aje, na pesa imetumika aje. Lakini kuna kitu kimoja naomba sana huko nyumbani tukiige, kila mtu wa bodi anaandika biashara zake na watu wake wanaohusika na shule, na hiyo orodha inawekwa kwa tovuti ya shule mzazi yeyote aisome. Nilipoandika ya mume wangu niliona kama naanikwa. Sasa naona inanilinda. Hakuna mtu anaweza niuliza "ulijua?" kwa sababu kila kitu kiko wazi hapo. Kaka, si kwamba wewe ni mwizi, lakini ukiiacha kwa maneno ya kijiji huna cha kushika siku ikigeuka.

Lurambi_Analyst:
Mnajibu riwaya hapa. Someni post ya kwanza tena. Capitation ya primary ni 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, hata mtoto wa class ya nne mwenye mzazi kwa bodi anajua. Huyu chairman anasema 15,042. Mtu ameandika hii kukusanya majibu akaandike assignment ya diploma, ama ni blogger. Hata shemeji amekuja wakati thread ilikuwa inakufa.

Bukhungu_Boy:
Aki umeniamsha. Nilikuwa nishamwonea huruma.

Mama_Pacha_Webuye:
Kama ni uongo mimi nataka masaa yangu irudi.

Mzazi_Malava:
Lurambi, 15,042 ni ya junior, Grade 7 hadi 9. Grade 7 iliingia kwa compound ya primary 2023 na bodi ni hii hii moja inaangalia wote. 1,420 naijua, sehemu yake inaenda kwa SIMBA account ya vitabu na vifaa, ingine ni general purpose, ya maji na repairs. Kwa Grade 4 yetu watoto wanakaa watatu kwa dawati la wawili, wa nne anaandikia magotini. Huyo mtoto wa nne ni wangu. Unataka nitunge nini.

Lurambi_Analyst:
Hiyo ya junior ni kweli. Lakini bado kuna kitu hakikai sawa. Kama shemeji anaweza ngoja, na hedi anaweza ngoja, ni nani ndio hawezi ngoja mpaka uulize watu usiku?

Procurement_Kakamega:
Swali nzuri. LPO, ile karatasi ya kuagiza kazi, ilishatoka?

Mzazi_Malava:
Ilitoka. Na mbao ilinunuliwa kwa pesa yangu. Shemeji hakuwa na mtaji na mimi nilikuwa na ya sukari, miwa ilikuwa imelipwa, nikamsaidia arudishe cheki ikitoka. Nilisaidia watoto wapate madawati mapema, sasa hiyo ni ufisadi?

Kisumu_Ndogo_Resident:
Kwa hivyo cheki unasaini kwa kalamu moja na unapokea kwa mkono ule mwingine.

Mwalimu_Mstaafu:
Wacheni kumrukia, ana watoto kwa hiyo shule. Kijana, usisaini Alhamisi. Kesho andika barua ukurasa moja, useme kontrakta ni shemeji yako na mbao ulimkopesha, peleka kwa hedi na kopi kwa sub-county director wa elimu, zote mbili zipigwe stempu. Mkutano ukianza, kabla ya ajenda ya madawati, uombe barua isomwe, wachague mwingine wa kukaa kwa kiti na wewe utoke hadi nje, si kusimama mlangoni. Kama ile tenda itafutwa ni wao na ofisi ya elimu watasema.

Mzazi_Malava:
Ya shemeji nitaandika mwalimu. Ya mkopo siandiki, hiyo ni ya mimi na yeye, haihusu shule. Na nikitoka nje nani atasaini?

Procurement_Kakamega:
Mkopo ndio unahusu shule kuliko shemeji. Cheki ikitoka pesa inakufikia wewe. Andika yote ama usipeleke barua kabisa, juu barua nusu ndio itasomwa siku mkaguzi akija.

Mzazi_Malava:
Wacha niongee na mama watoto kwanza.