Mjadala: Magome ya supu ya Wamasai yapimwe kwanza kabla ya kuuzwa kama dawa ya kolesteroli?

Wakuu, salaam.

Chupa ya maji ya magome iliyoandikwa "inashusha lehemu" (yaani kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) iruhusiwe kuuzwa kabla haijapimwa kwa watu? Mimi nasema isiruhusiwe.

Chukueni supu ya Wamasai. Gome la mti wa okiloriti au wa mukutan huchemshwa na nyama ya mafuta, halafu supu inapekechwa mpaka povu linapanda kama la sabuni. Povu hilo linatokana na saponini, kemikali za mimea zinazotoa povu. Mwaka 1964 daktari Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha vipimo vya wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika: wanaishi kwa maziwa na nyama, na bado kolesteroli iko chini. Baadaye Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, akatoa hoja kwamba huenda vitu vilivyomo kwenye magome hayo, saponini zikiwemo, vinachangia kuishusha. Hoja nzito. Lakini Mmasai yule yule alishinda anatembea na ng'ombe. Tutajuaje ni gome na si miguu? Mpaka wengine wapewe gome, wengine wasipewe, damu za wote zipimwe.

Shangazi yangu aliacha vidonge vyake akanunua chupa ya lita stendi. Baada ya miezi mitatu kipimo kilikuwa juu kuliko alipoanza. Muuzaji akamwambia aongeze dozi.

Karibuni.

Jibu: Pole kwa shangazi, mkuu. Ila wazee wamekunywa supu hiyo vizazi na vizazi bila karatasi ya maabara. Gome likishafika maabara, kesho kampuni ya nje ina hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi), na mama wa Ngorongoro anayeujua mti anabaki mikono mitupu.

Mleta mada: La hataza naliunga mkono kabisa. Mkataba na wenye mti usainiwe kabla gome halijabanduliwa. La vizazi hapana. Wazee walikunywa supu pamoja na nyama. Hawakunywa maji meusi ya chupa asubuhi na jioni, miezi mfululizo. Hata lovastatini, ya kwanza kuidhinishwa Marekani kati ya statini (vidonge vya kushusha kolesteroli), mwaka 1987, ilitoka kwenye kuvu. Ni vipimo vilivyoonyesha dozi yake, na jinsi inavyoweza kuumiza misuli na ini.

Kuna aliyepima damu kabla na baada ya kutumia magome haya? Aweke namba zake, na aseme kama vidonge aliacha au aliendelea navyo.