Eti wembe si butu, mkono wangu ndio butu!!! Nimechoka na yule bwana

Mama Viraka:
Jamani, nimeshuka taxi sasa hivi, hata viatu sijavua. Mnamjua. Simtaji, maana humu ndani kuna wanaomnunulia chai. Yule yule wa vifaa vya kushonea, anayewapangusia kiti wateja wa kiume na sisi anatuachia ndoo.

Ameniambia WEMBE SI BUTU, MAMA, MKONO WAKO NDIO BUTU. Mbele ya watu!

Nina oda ya mfarishi wa viraka, wa bibi harusi, pembetatu za kitenge tupu. Kazi hiyo mkasi hauiwezi, ni kisu cha gurudumu na rula. Wembe wangu ulichoka, nikanunua mwingine kwake, ule wa duara wa milimita 45, elfu thelathini. Nimefika nyumbani nimelaza kitenge tabaka nne: la juu limekatika, la pili limelambwa, la tatu limesalimiwa, la nne halina habari kama kuna kazi inaendelea. Nikabonyeza mpaka bega likalia. Wembe mpya haubonyezwi, unatembea wenyewe!

Nikaurudisha kwa adabu. Nimemwamkia shikamoo na yote, ingawa umri wetu tunajuana. Anakula rolex, ile chapati iliyoviringishiwa yai. Akauchukua wembe kwa vidole vile vile vya mafuta, akauingiza kwenye kisu, akaikata rolex yake vipande viwili, yai likaning'inia. Akanionyesha. "Si umekata? Wembe si butu, mama. Mkono wako ndio butu." Msichana wa zipu alicheka mpaka akakaa chini.

Rolex! Chapati ya moto mimi naikata kwa kuitazama tu!

Na mkeka wa plastiki wa kukatia ni yeye huyo huyo aliyeniuzia. Aliutundika barazani juani mchana kutwa, ukatuna katikati, ukiweka rula inabembea. Nilipolalamika akasema niulalie usiku, utanyooka. Hayo ya mkeka nimemeza. Lakini MKONO? Mkono huu umeshona magauni ya gomesi ya nusu ya Kibuli, hapa Kampala! Eti butu!

Sitaki ushauri.

Kaka wa Busia:
Swali moja tu. Rolex ilikatika?

Mama Viraka:
Ilikatika, lakini

Kaka wa Busia:
Kesi imefungwa.

Shemeji wa Ntinda:
😂😂😂 Nimemjua kwenye neno "ndoo". Mimi aliniuzia sindano za cherehani zimepinda, akasema kitambaa changu ndicho kimepinda.

Haji Cherehani:
Pole sana, nyabo. Najua umesema hutaki ushauri, ila hili lisikupite. Wembe wa milimita 45 ukizunguka mara moja unatembea sentimita 14 hivi. Pima pale nyuzi zinaporuka. Kama ni kila baada ya sentimita 14, wembe una pengo mahali pamoja, kuna mtu aliupitisha juu ya pini. Kama unaruka njia nzima, umechoka wote. Fungua pia pale katikati panapofungwa. Wembe mpya huja na mafuta kidogo, lakini hauji na vumbi la nyuzi.

Na mkeka usiusahau. Ukikata kwenye mstari ule ule kila siku, unachimbika mfereji, halafu hata wembe mzuri ukizama humo unaruka nyuzi kama mbovu. Uzungushe, kata upande mwingine. Ule uliotuna kwa jua ni wa kuaga, plastiki ile haipendi joto kabisa. Wengine huuacha kwenye gari, wengine hupigia pasi juu yake.

Mama Viraka:
Haji, vumbi lilikuwepo! La pinki! Mimi sijakata pinki mwaka mzima! Ameniuzia wembe wa mtu mwingine, halafu MKONO WANGU ndio butu? Na yule msichana alicheka nini?

Kijana wa Nasser:
Nyabo, usiutupe. Lete huku Nasser Road, sisi tunakatia karatasi.

Haji Cherehani:
Huo mpe kijana. Ila usimwazime wa kitambaa ulio hai, karatasi inaumaliza ukali haraka.

Dada wa Jinja:
Kata karatasi ya alumini iliyokunjwa mara nyingi, wembe unarudi. Niliona kwenye video.

Haji Cherehani:
Itausafisha kidogo, pengo halizibiki. Ukiwa umeisha umeisha.

Mjuaji:
Kwa taarifa yenu, kisu cha gurudumu kilitolewa na OLFA ya Japani mwaka 1979, kwa ajili ya kukata vitambaa. Rolex haikutajwa.

Kaka wa Busia:
Subirini, kumbe ni kile cha kukatia piza? Sasa mzee wa watu kosa lake nini?

Mama Viraka:
Wewe Busia, nitakutafuta.

Kaka wa Busia:
Kwa mkono upi? 😂

Shemeji wa Ntinda:
BANANGE 😂😂😂

Dada wa Jinja:
Afadhali wewe umetukanwa na muuza duka. Mimi mkasi wangu wa kitambaa, ule ambao hata mume wangu haruhusiwi kuugusa, nimeukuta jikoni. Mama mkwe ameukatia mapezi ya samaki, ngege. Magamba yako kwenye skrubu! Na nimesema nini? Nimesema "asante mama kwa kupika."

Shemeji wa Ntinda:
Pole jamani. Kwetu futi ya kupimia imegeuzwa kamba ya mbuzi.

Mama Viraka:
Turudi kwenye mada. Alinionyesha lile yai, akaniangalia usoni

Mteja Aliyeumia:
Samahani, Mama Viraka, mimi ni mgeni kwenye uzi huu. Hivyo vitenge vya kukatia viraka unavitoa wapi?

Mama Viraka:
Ni mabaki.

Mteja Aliyeumia:
Mabaki ya nani?

Kaka wa Busia:
Yesu wangu. Nasogeza kiti.

Mteja Aliyeumia:
Nauliza kwa heshima. Mwaka jana nilimpelekea fundi yadi sita, kitenge cha kijani chenye ndege. Nikarudishiwa gauni linaloishia magotini, eti kitambaa hakikutosha. Yadi sita! Mimi ni mfupi! Sasa naambiwa kuna watu wanashona mifarishi ya harusi kwa "mabaki".

Mama Viraka:
Dada, mimi sijawahi kukushonea.

Mteja Aliyeumia:
Sijakutaja. Mbona umeitika?

Shemeji wa Ntinda:
Hapo sasa. Mafundi wote njooni hapa mjibu. Mimi nilimwona mtoto wa fundi kanisani na kola ya shati langu.

Haji Cherehani:
Tuwe waadilifu. Kitenge chenye ndege wote wanaotazama juu hula kitambaa kingi, huwezi kugeuza kipande, ndege atasimama kichwa chini.

Mteja Aliyeumia:
Ndege wangu walikuwa wanatazama pande zote, Haji. Na hicho "hula" ndicho tunachoulizia.

Kijana wa Nasser:
Fundi wangu aliniambia njoo Alhamisi. Hakusema ya mwezi gani.

Dada wa Jinja:
Wangu kila nikipiga simu ananiambia imebaki vifungo tu. Nimekwenda, kitambaa bado kimekunjwa vile vile nilivyompelekea.

Mama Viraka:
Kwa hiyo hakuna anayejali kwamba nimeuziwa wembe uliotumika?

Mteja Aliyeumia:
Suruali ya mume wangu iko kwa fundi tangu Idi. Juzi nimemwona kijana wa fundi anapita nayo, hata hashtuki.

Shemeji wa Ntinda:
Ya kijivu? Ina mfuko mmoja wa nyuma?

Mteja Aliyeumia:
Ndiyo! Umeiona wapi?

Shemeji wa Ntinda:
Taxi park, leo asubuhi. Ameikunja miguu. Njoo inboksi nina picha.