Ruzuku za nyumba nafuu vijijini Marekani: asasi ndogo ianzie wapi?

Mjumbe wa Bodi

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya asasi ndogo isiyolenga faida katika eneo la vijijini huku Marekani, na mwajiriwa wetu ni mmoja tu. Kanisa moja limeahidi kutupatia kiwanja, nasi tunataka kujenga nyumba nane za kuwauzia wenye kipato cha chini, wengi wao wafanyakazi wa mashambani na wa viwanda vya nyama, ambao kwa sasa wanaishi kwenye trela zinazovuja. Mwenyekiti wetu anaamini kwamba ipo ruzuku moja kubwa ya serikali kuu itakayolipia ujenzi wote, na kwamba kilichobaki ni kuandika andiko zuri. Mimi nina mashaka. Aidha, anataka tununue mara moja kipande cha ardhi cha jirani kwa ajili ya barabara ya kuingilia, kabla mwenyewe hajapandisha bei. Wenye uzoefu mnatushauri nini?

Mratibu wa Nyumba

Mashaka yako yana msingi, ndugu Mjumbe. Ruzuku ya kulipia nyumba nzima kuanzia msingi hadi paa ni adimu, na asasi inayoisubiri huzeeka ikisubiri. Kwa mradi wa kuuza nyumba kama wenu, fedha ya kujengea kwa kawaida ni mkopo wa familia yenyewe, na kazi ya ruzuku ni kuwalipa watu wanaouendesha mradi na kuziba pengo kati ya gharama ya nyumba na kile ambacho familia inaweza kulipa.

Mfano ulio karibu zaidi na ninyi ni Kifungu cha 523 katika mipango ya Wizara ya Kilimo inayotokana na Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949. Ruzuku hiyo hailipii matofali wala mbao. Hulipia mshahara wa msimamizi wa ujenzi, mshahara wa anayepokea na kuchambua maombi ya familia, ofisi na zana. Familia huunganishwa katika kikundi, na kwa pamoja hufanya angalau asilimia 65 ya kazi ya ujenzi jioni na mwishoni mwa wiki, kila mmoja akijenga nyumba ya mwenzake sawa na ya kwake. Kwa kawaida hakuna anayehamia mpaka nyumba za kikundi kizima zikamilike. Fedha ya vifaa na ya mafundi wa umeme na mabomba hutoka kwenye mkopo wa Kifungu cha 502, ambao hulipwa kwa miaka 33, au 38 kwa wenye kipato cha chini kabisa, na kwa wanaostahili riba yake inaweza kushushwa hadi asilimia 1.

Pengo linalobaki huzibwa kwa vyanzo vingine. Mpango wa HOME, yaani ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya nyumba nafuu, ulioanzishwa mwaka 1990, huwafikia watu wa vijijini hasa kupitia majimbo, na angalau asilimia 15 ya fedha zake hutengwa kwa asasi za jamii zinazoendeleza nyumba. Ili mhesabiwe miongoni mwa asasi hizo, angalau theluthi moja ya bodi yenu lazima iwakilishe watu wa kipato cha chini, kwa hiyo angalieni kwanza nani wameketi mezani kwenu. Vilevile, kila moja ya Benki 11 za Shirikisho za Mikopo ya Nyumba hutakiwa kutenga angalau asilimia 10 ya faida yake kwa ajili ya nyumba nafuu, lakini ombi haliwezi kutoka kwenu moja kwa moja, bali hupitia benki ya biashara iliyo mwanachama. Anzeni mazungumzo na benki mnayoweka akiba kabla hamjaandika hata ukurasa mmoja.

Mhasibu wa Miradi

Mratibu amelijibu swali la fedha, nami nijibu lile la ardhi, kwa sababu ndilo litakalowaponza. Msinunue kipande hicho sasa. Mkishaomba fedha zinazotoka Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, zikiwemo za HOME, hamruhusiwi kununua ardhi, kubomoa wala kusaini mkataba wa ujenzi kabla tathmini ya mazingira haijakamilika na kibali kutolewa. Katazo hilo linahusu hata fedha zenu wenyewe, na mradi unaweza kupoteza sifa ya kufadhiliwa kwa sababu ya hundi iliyoandikwa mapema kwa nia njema. Kinachoruhusiwa ni mkataba wa kushikiliwa ardhi, ambapo mnamlipa mwenye shamba kiasi kidogo tu cha bei ili asimuuzie mwingine, huku mkataba ukieleza wazi kwamba ununuzi utategemea matokeo ya tathmini. Mwanasheria aupitie.

Jambo jingine ambalo wajumbe wa bodi hawalipendi kulisikia ni kwamba ruzuku nyingi hulipa baada ya ninyi kutumia. Mnamlipa msimamizi, mnatuma stakabadhi, kisha mnasubiri. Asasi isiyo na akiba ya miezi kadhaa, au mkopo wa muda mfupi uliokwisha kukubaliwa na benki, inaweza kukwama katikati ya mradi iliyoshinda yenyewe. Kwa upande wa gharama za ofisi, tangu Oktoba 2024 asasi isiyo na kiwango cha gharama hizo kilichokubaliwa na serikali inaweza kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabika, badala ya 10 ya zamani, isipokuwa pale ambapo mpango wenyewe una ukomo wake. Usajili wenu katika mfumo wa serikali kuu nao huhuishwa kila mwaka, na ukiisha muda wake ombi linakataliwa hata liwe zuri namna gani.

Fundi Mkongwe

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Mwajiriwa mmoja na nyumba nane ni mzigo wa punda kwa mbuzi. Ningekuwa kwenye bodi hiyo, ningeanza na ukarabati. Kifungu cha 533 huzipa asasi kama yenu ruzuku ya kukarabati nyumba za wenye kipato cha chini, na gharama za uendeshaji haziruhusiwi kuzidi asilimia 20. Kuna pia Kifungu cha 504, ambacho mwenye nyumba huomba mwenyewe: mwenye umri wa miaka 62 au zaidi asiyeweza kulipa mkopo anaweza kupata ruzuku ya hadi dola 10,000 ya kuondoa hatari za afya na usalama, na ninyi mnaweza kumsaidia kukusanya nyaraka. Tahadhari ni kwamba hao wa kwenye trela wakiwa wamepanga kiwanja, mlango huo wa 504 kwa kawaida umefungwa kwao, kwa kuwa mwombaji hutakiwa kumiliki nyumba na ardhi iliposimama. Lakini paa ishirini zilizokarabatiwa na hesabu zilizokaguliwa vizuri zitawapa sifa ambayo andiko peke yake halitoi.

Mjumbe wa Bodi

Nashukuru sana. Hoja ya ardhi nitaifikisha kwa mwenyekiti leo hii. Swali langu la mwisho ni hili: je, asasi ambayo haijawahi kujenga inaweza kukubaliwa katika Kifungu cha 523, au Fundi ana haki kwamba tusubiri?

Mratibu wa Nyumba

Fundi ana haki kuhusu uwezo, ila si lazima msubiri mkiwa mmekaa tu. Wizara ya Kilimo huwalipa makandarasi wa kanda ambao kazi yao ni kuzisaidia asasi mpya kuandaa maombi ya 523, na ipo pia ruzuku ndogo ya maandalizi kabla ya ombi kamili. Ukarabati unaweza kuendelea wakati huohuo. Mtakapokwenda kuonana na ofisi ya Maendeleo Vijijini ya wizara hiyo katika jimbo lenu, nendeni na orodha ya familia zilizo tayari, kipato cha kila moja, madeni yake na historia yake ya mikopo. Nimeona vikundi vingi vikivunjika kwa sababu nusu ya familia hazikufuzu mkopo wa 502, wakati kiwanja kilikuwa kimeshapimwa na msimamizi ameshaajiriwa.