Mrejesho: mbwa mzee niliyemchukua kwa muda

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama ni busara kumlea kwa muda mbwa wa umbo dogo, umri wa miaka 12, mwenye meno mabovu na kikohozi kinachotokana na ugonjwa wa moyo, aliyeachwa na jirani yangu hapa Malindi alipohamia Italia. Nilifuata ushauri wa kumpima moyo kabla ya kumtia nusukaputi, ndipo daktari wa mifugo akamng'oa meno 9. Sasa anakula wali laini uliochanganywa na samaki aliyetolewa miiba, bila chumvi wala kitunguu, tena kwa pupa inayonitia aibu mbele ya wageni. Kikohozi hakikuisha, ingawa vidonge vimekipunguza. Ngazi bado zinamshinda, kwa hiyo nambeba. Mlezi mwingine sikumtafuta: amekuwa wangu.